Nishati: Kwa nini batri ya 100 Ah inazimika mbele ya saa za hesabu

Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, jamaa nyingi zinategemea batri na paneli za sola kila umeme unapokatika. Lakini malalamiko ni mengi: batri mpya inanunuliwa kwa bei kali, inazimika mapema, na kisha muda mfupi inakufa kabisa. Muuzaji anaitwa mwongo. Mara nyingi, shida iko katika namna ya kusoma namba iliyoandikwa juu ya batri.

«100 Ah» maana yake ni ampea mara masaa. Kwa batri nyingi nzito za asidi, namba hiyo inapimwa kwa masaa 20, na karibu nayo kunaandikwa C20. Yaani batri ya volti 12 inatoa ampea 5, sawa na wati 60, kwa muda wa masaa 20. Hiyo ni taa kadhaa, radio na kuchaji simu.

Sasa mwenye duka la fotokopi anaunganisha mashine ya wati 600 kwenye batri hiyo hiyo. Mashine inavuta ampea 50. Anagawa 100 kwa 50, anapata masaa mawili. Kwa kweli, batri inaweza kuchoka kisha saa moja na robo tu, ao chini ya hapo, maana konvertisa nayo inakula sehemu yake.

Sababu iko ndani ya batri. Umeme unatoka wakati asidi inakutana na mabamba ya madini ya risasi. Ukivuta polepole, asidi inapata wakati wa kupenya ndani ya mabamba. Ukivuta kwa nguvu, asidi ya karibu inaisha mbele ya ingine kufika, volti zinashuka, konvertisa inalia na kuzima. Mjerumani Wilhelm Peukert aliandika kanuni ya jambo hilo mwaka 1897.

Kuna hatari ya pili. Batri ya asidi inayomalizwa kabisa kila siku inaharibika mbio. Mafundi wanashauri kutumia nusu tu, kisha kuichaji bila kukawia. Batri ya volti 12 iliyopumzika ikionyesha karibu volti 12.2, imefika nusu. Batri ya kuwashia gari ndiyo inaumia zaidi, kwani ilitengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache.

Batri za lithiamu aina ya LiFePO4 hazipotezi sana zikivutwa kwa nguvu, na zinavumilia kutumiwa hadi asilimia 80. Ila bei yake ya kuanzia ni kubwa.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, mnunuzi aulize: «Hii namba ilipimwa kwa masaa mangapi?» Batri ya 100 Ah iliyopimwa C100, yaani kwa masaa 100, ni ndogo kuliko ya 100 Ah ya C20. Kisha ajumlishe wati za vyombo vyote vitakavyowaka pamoja.

Nyumbani, kukosea hesabu hiyo ni kulala bila taa. Katika kituo cha afya, ni mkunga kubaki gizani mtoto akiwa njiani.