Kabla ya Prosesa, Tazama Pawasaplai

Likasi ulizaliwa na shaba, na umeme wake nao uliletwa kwa ajili ya shaba. Mitambo ya Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930 ili viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière vipate nguvu ya kuchenjua madini, enzi hizo mji ukiitwa Jadotville. Mwaka 1950 ikafuata Koni, kwenye mto huohuo. Hadi leo familia na wenye maduka wa Kikula, Panda na Shituru wanakula sahani moja na migodi, na mgodi unaendesha mota kubwa. Mota ya namna hiyo inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na volti kwenye laini hushuka. Mwaka 2021 Mwadingusha ilirudi kwenye gridi na megawati zake 78, baada ya ukarabati uliogharamiwa na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula kwa makubaliano na SNEL, shirika la umeme la taifa. Lakini migodi ya Katanga inahitaji umeme mwingi kuliko uliopo, na mgawo haujaisha.

Nimeanza na mitambo hiyo kwa sababu kompyuta ya mezani huishi au hufa kutokana na umeme huo. Mnunuzi wa kawaida huuliza prosesa gani, kumbukumbu kiasi gani, diski ya gigabaiti ngapi. Pawasaplai, ambayo mafundi wengi wa hapa huiita alimantasyo, haiulizwi. Huja imefungwa ndani ya kasha, na feni huja vilevile zilivyo. Kwa mji huu, huo ni mpango wa kichwa chini miguu juu. Kifaa kinachokutana na umeme wa SNEL kabla ya vingine vyote ndicho kinachostahili hela ya kwanza.

Pawasaplai hupokea volti 220 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3 za mkondo mnyoofu. Katika kompyuta za sasa karibu kazi yote nzito, yaani prosesa na kadi ya grafiki, hulishwa na njia ya volti 12. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa ubavuni haitoshi kukuambia kitu. Geuza boksi, tafuta jedwali dogo, soma ampea zilizo chini ya 12V, kisha zidisha kwa 12. Pawasaplai iliyoandikwa wati 500 huku njia yake ya volti 12 ikiwa na ampea 18 itatoa wati 216 tu pale unapozihitaji. Zilizobaki zimehesabiwa kwenye njia ambazo kompyuta yako haizitumii sana. Ya uaminifu yenye wati 500 itaonyesha ampea 38 hivi au zaidi.

Unahitaji kiasi gani? Kidogo kuliko wauzaji wanavyosema, ila kiwe cha kweli. Kompyuta ya duka la fotokopi au ya ofisi ya shule, yenye prosesa ya wati 65, haifiki wati 150 hata ikifanya kazi kwa bidii. Pawasaplai halisi ya wati 300 au 350 inaitosha kabisa. Kijana anayehariri video za harusi na kwaya huongeza kadi ya grafiki, na hapo hesabu hubadilika. GeForce GTX 1650 hutumia wati 75, na NVIDIA wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya wati 300. RTX 3060 hutumia wati 170, na pendekezo lao ni wati 550. Pengo hilo limewekwa kwa makusudi: prosesa na kadi huruka juu ya wastani wao kwa muda mfupi mno, na pawasaplai iliyobanwa hadi mwisho huchemka na kuzeeka mapema.

Sasa nije kwenye mstari ambao kwa Likasi nauona muhimu kuliko wati: volti za kuingia. Pawasaplai nyingi za bei ya chini, hasa zile za mitumba, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye alama 115 na 230. Hizo hutaka volti kati ya 180 na 265. Laini ikishuka hadi 160, kompyuta huzimika hata kama taa za nyumbani bado zinawaka kwa unyonge. Na swichi hiyo ina hatari yake. Ikiwekwa 115, sakiti ya ndani huzidisha volti mara mbili. Umeme wa 220 ukiingia, kapasita hupasuka kwa mlio na moshi. Asikudanganye mtu kuihamishia 115 eti kwa sababu volti ziko chini leo. Zitarudi juu bila kukuaga. Ukinunua kompyuta iliyotoka nchi ya volti 110, jambo la kwanza kabla ya kuchomeka waya ni kutazama swichi hiyo.

Aina bora haina swichi. Kwenye kibandiko imeandikwa 100–240V, maana yake inajirekebisha yenyewe ndani ya upana wote huo. Volti zikishuka hadi 160 itavuta ampea nyingi zaidi na kuendelea na kazi. Mara nyingi ndizo hizohizo zenye cheti cha 80 PLUS, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 2004 wa kupima ni kiasi gani cha umeme unaoingia hutoka ukiwa kazi na ni kiasi gani hupotea kuwa joto. Yenye ufanisi wa asilimia 85 ikitoa wati 200 huvuta wati 235 hivi ukutani; yenye ufanisi mdogo huvuta zaidi ya hapo. Anayeendesha duka lake kwa jenereta wakati wa mgawo ataiona tofauti hiyo kwenye mafuta.

Hata pawasaplai nzuri, umeme ukikatika, hushikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16 au 17 tu. Inatosha kuvuka mkatiko mfupi wa laini, haitoshi kuhifadhi faili. Betri ya dharura, ondilere, ndiyo yenye kazi hiyo. Baadhi ya betri za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na pawasaplai za kisasa wakati mwingine huzimika zikilishwa wimbi hilo. Ukinunua vyote viwili, vijaribu pamoja dukani: kompyuta ikiwa inafanya kazi, chomoa waya wa betri ukutani. Na ukigusa kasha ukahisi mtekenyo kwenye vidole, nyumba yako haina waya wa ardhini, au upo na hauendi popote. Mwite fundi wa umeme kabla ya mvua za Novemba na radi zake. Kinga iliyo kwenye kebo ya maduka, ile yenye matundu mengi, inahitaji njia ya ardhini ili ifanye kazi yake vizuri.

Kuhusu feni, Likasi ina mambo mawili ambayo maelekezo ya watengenezaji mara nyingi hayayataji. La kwanza ni mwinuko. Mji uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam au Matadi. Feni ileile, kwa kasi ileile, hubeba joto pungufu kwa kiasi hichohicho. La pili ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, malori ya madini yanapita, na vumbi jekundu linaingia hadi kabatini. Likituama kwenye mapezi ya kipozeo huwa blanketi. Mvua zikianza na unyevu ukaingia, tabaka hilo linaweza kupitisha umeme mahali usipopaswa kupita.

Ndiyo maana nashauri feni mbili mbele zinazoingiza hewa na moja nyuma inayotoa. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ya ziada hujipenyeza nje kupitia nyufa za kasha, na vumbi halipati mlango isipokuwa mbele, ambako utaweka kichujio. Kichujio cha wavu mwembamba kinaweza kufuliwa kwa maji na kuanikwa. Kipime kwa macho kila wiki wakati wa kiangazi, kwa kuwa kikiziba ni kibaya kuliko kutokuwapo. Chagua feni za milimita 120 au 140, si zile za 80: pana huzunguka polepole, hupeleka hewa ileile na hazipigi kelele. Upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota ndio hewa inakotokea; nimeona makasha ambayo feni zote zilikuwa zinasukumana.

Uliza pia kilichomo ndani ya mota. Feni za bushi ni rahisi lakini mafuta yake hukauka, hasa kwenye joto na zikilazwa. Za beringi za gololi, au za mafuta yaliyofungiwa ndani, hudumu zaidi na zinastahili bei yake. Ukisafisha kwa blowa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana kuizungusha kwa nguvu ya upepo huharibu beringi.

Wakuu wa shule na wenye maduka mnaoagiza kompyuta Lubumbashi, msikubali oda inayotaja prosesa na diski peke yake. Andikeni humo: volti za kuingia 100 hadi 240, ampea za njia ya volti 12, feni za milimita 120 zenye kichujio mbele. Muuzaji asiyeweza kuwaonyesha kibandiko hicho kabla ya malipo, mwacheni mwende duka la pili.