Uchachu Ndani ya Mkebe Usiovimba

Mnunuzi mwangalifu aendapo dukani kutafuta njegere za mkebe huutazama mkebe kwanza, akaubonyeza kwa kidole gumba juu na chini, na akiona umefura huurudisha mahali pake bila ya majadiliano, kwa kuwa imekwisha kuwa maarufu kwa watu wote ya kwamba mkebe uliovimba una hewa ndani yake, na hewa hiyo aghalabu ni kazi ya vijidudu vilivyosalimika katika moto wa kiwandani. Kanuni hii ni njema, wala simshauri mtu aiache. Ila ina upungufu mmoja, nao ni kwamba yako maharibiko yasiyotoa hewa hata chembe, mkebe ukabaki bapa pande zote mbili na lebo yake safi, ilhali njegere zilizomo zimekwisha kuchachuka zote.

Wafanyao hivyo ni bakteria wapendao joto kali, na aliye mashuhuri kati yao leo huitwa Geobacillus stearothermophilus. P. J. Donk ndiye aliyemweleza mwaka 1920, na kabla yake, mwaka 1915, B. W. Hammer wa Iowa, Marekani, alikwisha kumpata jamaa yake, Bacillus coagulans, katika maziwa ya mkebe yaliyoganda. Hula sukari na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, ile ile ipatikanayo katika maziwa ya mgando na togwa, wala hawaachi gesi ya kuwasaliti. Mambo yakiwa magumu hujifungia katika spora, na spora hizo ni shupavu ajabu: katika joto la nyuzi 121 za Selsiasi, spora za bakteria wa botulizimu, ugonjwa uogopwao kuliko yote katika chakula cha mikebe, hupungua hadi sehemu moja ya kumi kwa muda wa sekunde kumi na kitu tu, hali za Geobacillus huhitaji dakika 4 au 5 kufikia upungufu huo huo. Kwa hiyo chakula chaweza kupikwa kwa haki na kwa kanuni, kikawa salama kwa mlaji, na bado kikabeba ndani yake mbegu ya uchachu. Kwa insafu niseme pia kwamba bakteria huyu hajulikani kumdhuru alaye. Dhambi yake ni kuharibu ladha na kumtia hasara mwenye mali.

Sasa, kitu kisichoonekana kwa macho wala kuvimbisha mkebe kitajulikanaje? Mabingwa wa maabara hawakumtafuta mtendaji kwanza, bali walilitafuta tendo lake. Hutengeneza katika sahani agari ya kuoteshea vijidudu, yenye glukosi na chakula cha protini, wakatia rangi iitwayo bromokresoli zambarau, gramu 0.04 tu katika lita nzima, ambayo sifa yake ni kuwa zambarau pale pH, yaani kipimo cha asidi, inapokuwa 6.8, na kugeuka manjano asidi inapozidi na pH kushuka hadi 5.2. Bakteria akila ile glukosi na kutoa asidi, hujizungushia duara la manjano katika uwanja wa zambarau, na mpimaji akahesabu makundi hayo ya mviringo, yenye upana wa milimita 2 hadi 5. Sahani ikijaa mno manjano hutapakaa kote, na hapo hesabu haina maana tena; ni lazima kuzimua na kuanza upya.

Wenye viwanda vya Marekani waliitumia njia hii kuihukumu hata sukari kabla haijaingia kiwandani, kwani spora husafiri ndani ya sukari, wanga na viungo. Gramu 20 za sukari huyeyushwa na kufikishwa mililita 100, zikachemshwa dakika 5 ili wasio na spora wafe. Kisha mililita 2 hutiwa katika kila moja ya sahani 5, zikawekwa siku mbili au zaidi katika kabati lenye nyuzi 55. Jumla ya sahani zote huzidishwa kwa 5, ikapatikana idadi katika gramu 10. Sharti lao lilikuwa sampuli yoyote isipite spora 75, na wastani wa sampuli zote usizidi 50.

Lakini lipo jambo liwezalo kumhadaa mpimaji mwenye haraka. Mkebe uliokaa muda mrefu huweza kuwa mchachu kabisa, na ukipandwa katika agari usiote kitu, kwa sababu bakteria wamekwisha kufa ndani ya asidi waliyoitoa wenyewe. Sahani ikibaki zambarau si kwamba mkebe hauna hatia. Mpimaji mwenye busara hupima kwanza pH ya chakula chenyewe na kuilinganisha na ya mkebe mzima wa siku ile ile ya kazi. Njegere zilizokuwa karibu na 6 zikionekana karibu na 5, asidi imezidi mara kumi, maana kipimo hiki alichokitoa mkemia Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909 huenda kwa makumi. Kisha hupaka tone juu ya kioo na kulitazama kwa hadubini, ambako maiti za vijiti vile huonekana kwa maelfu. Kwa rai yangu, aandikaye hukumu kwa sahani peke yake, bila ya pH na hadubini, hajafanya kazi yake.

Yabaki suala la joto, nalo latuhusu sana sisi wa pwani. Spora hizi haziamki katika chakula kilichopoa. Huhitaji joto lipatalo nyuzi 40 na zaidi, ndiyo maana mkebe uliodumu mwaka mzima Ulaya bila ya dosari waweza kuchachuka katika ghala la bati lisilo na dirisha. Basi viwanda na viipoze mikebe upesi kabla ya kuipanga katika makasha, kwani ikipangwa ingali moto, ya katikati hukaa siku nyingi haijapoa; na wenye maduka waiweke chini, penye kivuli na upepo, wasiirundike juu karibu na mabati.