Bila Kikomo, Lakini kwa Kasi Gani?

Kampuni ya simu ya AT&T ilipoanza kuuza iPhone nchini Marekani mwaka 2007, wateja walipata pia kifurushi cha intaneti bila kikomo. Juni 2010 ikaacha kukiuza kwa wateja wapya. Waliokuwa nacho wakaachiwa. Mwaka uliofuata wakaanza kupunguziwa kasi. Laini haikukatwa wala bili haikupanda, ila video zilikwama na ramani zikagoma kufunguka. Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) iliishtaki kampuni hiyo Oktoba 2014, ikisema wengine walibanwa baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi.

Kifurushi kina vipimo viwili, ujazo na kasi. "Bila kikomo" ni habari ya ujazo. Kasi imewekwa ukurasa mwingine, kwenye kifungu cha matumizi ya haki, ambacho watumiaji wengi wa faiba wanakijua kwa herufi tatu: FUP. Jirani yake kwa kawaida kuna sentensi nyingine: kampuni yaweza kubadili masharti, nawe ukiendelea kutumia huduma umeyakubali. Sijui nani huisoma siku ya kufungiwa ruta.

Piga hesabu. Laini ya Mbps 10 ikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30 hupitisha GB 3,240. Ishushe hadi Mbps 1, zinabaki GB 324. Filamu ya GB 1 iliyoshuka kwa dakika 13 sasa itachukua zaidi ya saa mbili. Kikomo kipo, ila hakikuitwa kwa jina lake.

Kampuni nazo zina hoja. Mkondo mmoja huuzwa kwa nyumba nyingi kwa kutegemea kwamba hazitautumia zote kwa pamoja, kama tangi la maji la ghorofa. Mpangaji mmoja akiacha bomba wazi, wa juu hawaogi. Naikubali hoja hiyo, mradi mteja aelezwe kabla hajalipa: baada ya GB ngapi, kasi itashuka hadi Mbps ngapi.

Kesi ya AT&T ilimalizika Novemba 2019 kwa maafikiano ya dola milioni 60. Kupunguza kasi hakukupigwa marufuku. Kampuni ilitakiwa tu kukutaja waziwazi kwenye matangazo, si kwa maandishi madogo wala nyuma ya kiungo cha kubofya.