Mtu wa Majengo na siku mbili za Mombasa

Pita Majengo, kule Pumwani, siku ya Alhamisi jioni. Hutakosa kumwona mtu amebeba mkoba wake na furushi la majani ya chai, anakimbilia matatu ya kumpeleka mjini. Huyo amepewa ruhusa ya siku mbili kazini, na yuaenda Mombasa. Majani ya chai ni zawadi ya shangazi.

Nyinyi wenyeji wa pwani mwatuita watu wa bara, nasi hatukatai. Lakini asili haifutiki. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, Waswahili wengi waliifuata, wakiwa wapagazi, askari na wachuuzi, wakajenga vijiji vyao kandokando ya mji. Kimoja kiliitwa Mombasa na kingine Pangani. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia Pumwani, na Pangani yenyewe ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakapelekwa Shauri Moyo. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Ndiyo sababu hata leo katika mitaa hii ya mashariki ya Nairobi utaamkia mahamri na mbaazi, na utamsikia mzee akisema "kwetu" huku ameelekeza kidole upande wa bahari.

Taabu ni hizo siku mbili. Safari yangu ya kwanza ya utu uzima nilizitumia kama mtu aliyeokota pesa. Asubuhi Nyali, mchana Bamburi, jioni nikarudi kisiwani kupiga picha chini ya pembe za barabara ya Moi. Nusu ya muda wangu uliishia ndani ya magari. Kwa shangazi, Kibokoni, nilifika saa moja kabla ya basi langu kuondoka Mwembe Tayari. Alinitazama nikinywa chai nimesimama, akasema, "Mwanangu, kwani umekuja kutwaa moto?"

Maneno hayo yalinikaa moyoni mpaka Mtito Andei.

Safari hii nilijirekebisha. Nilipanda treni ya usiku, hii ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Hukushusha Miritini kabla ya alfajiri, nawe hujapoteza mchana wowote. Kituo kiko mbali na mji, kwa hivyo weka akiba ya nauli ya matatu. Kisha nikaazimia jambo moja: sitavuka daraja wala kivuko. Mji wa Kale peke yake wamtosha mtu wa siku mbili, na wataka miguu, si gari.

Ngome ya Yesu niliizuru mapema, jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mgeni mwenye haraka na ajiulize hao walivumilia vipi! Kutoka hapo nikashika Ndia Kuu taratibu hadi msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa ulijengwa mwaka wa 1570. Vichochoro vyenyewe ni hekima tupu: nyumba zimekaribiana hata ukuta wa huyu wampa kivuli yule. Nikapitia Marikiti kununua iliki na mdalasini, maana ukirudi Majengo mikono mitupu utaulizwa ulikokuwa.

Adhuhuri ikipita, lala. Mtu wa Nairobi huona haya kulala mchana, akaenda kuzurura juani huku wenyeji wamepumzika, kisha akalalama kwamba mji umepoa. Mji huamka alasiri. Hapo ndipo viazi vya karai hutiwa mafutani, kahawa chungu ikapita barazani na kashata zake.

Barazani nilikaa na shangazi siku zote mbili. Sheria imempa msafiri ruhusa ya kufupisha swala. Haikumpa ruhusa ya kufupisha mazungumzo na shangazi yake. Nilikuwa na swali nililolichelewesha miaka mingi: ni nyumba gani aliyotoka babu alipokwenda bara? Baba alifariki bila kunionyesha, na kwetu Shauri Moyo hakuna tena anayeijua. Aliyebaki ni shangazi, na macho yake yamekwisha kuingia ukungu.

"Laiti ungeuliza mwaka ule, ningekupeleka mwenyewe," alisema.

Basi akanipeleka kwa maneno. Nitoke msikitini, niipe bahari mgongo, nihesabu vichochoro viwili, cha tatu niingie, nitafute mlango wa nakshi wenye tumba la ua juu yake. Alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Nilipotea mara mbili. Mtoto mmoja aliyekuwa akichezea tairi akanicheka, kisha akanifuata kunisaidia kutafuta.

Ghorofa ya juu imejengwa upya kwa matofali, na chini pana duka la simu. Mlango ungalipo. Sikubisha hodi, ningewaambia nini watu wa watu? Nilipapasa ile nakshi kwa kiganja, nikarudi Kibokoni kabla ya magharibi.

Shangazi alikuwa akiningoja palepale barazani.

"Umeuona?"

"Nimeuona, shangazi."

"Bado una lile pete la chuma la kubishia?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimetazama. Akacheka, akanisogezea kikombe, akaniambia kesho kabla ya treni nirudi nikaangalie.