Kutoa Magimba katika Programu za Usanifu kwa Kompyuta: Tatizo la Mpaka

Katika programu za usanifu kwa kompyuta, tundu halitobolewi, hutolewa. Msanifu anayetaka tundu katika bamba huchora mcheduara, huuweka mahali tundu linapotakiwa, kisha huiamuru programu iutoe mcheduara huo katika bamba. Tendo hili ni mojawapo ya matendo matatu ya msingi, pamoja na muungano na mkutano, yanayoitwa kwa jina la George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake kuhusu kanuni za fikra mwaka 1854. Katika makala hii, neno gimba linatumika kwa maana ya umbo lenye ujazo, na kikatio kwa maana ya gimba linalotolewa.

Neno kutoa lenyewe laweza kumpotosha mwanafunzi, kwa kuwa amelizoea katika hesabu. Chukua bamba lenye urefu wa milimita 100, upana wa 60 na unene wa 20. Ujazo wake ni milimita za ujazo 120,000. Kikatio ni mcheduara wenye kipenyo cha milimita 20 na kimo cha 30, uliosimama katikati ya bamba na kuchomoza milimita 5 juu na 5 chini. Ujazo wa mcheduara huo ni takribani 9,424.8. Hata hivyo, bamba halibaki na 110,575.2 kama hesabu ya kawaida ingedai, bali 113,716.8, kwa sababu kinachoondoka ni ile sehemu tu ambayo magimba yote mawili yanashiriki. Kikatio kisipoligusa bamba, hakiondoki kitu. Na mpangilio ukigeuzwa, yaani bamba likatolewa katika mcheduara, hakipatikani kitu hasi: vinabaki visahani viwili vya unene wa milimita 5 kila kimoja, vilivyotengana, na programu nyingi huendelea kuvihesabu kuwa gimba moja.

Suala la mpangilio lina uzito wa pekee kwa anayefundisha kwa Kiswahili. Amri ya kutoa katika AutoCAD huomba kwanza gimba linalobaki, ndipo liombwe linaloondolewa. OpenSCAD nayo hulichukua umbo la kwanza kuwa ndilo linalobaki na yote yanayofuata kuwa vikatio. Huo ndio mpangilio wa “nane toa tatu”. Lakini sentensi ya karakana, “toa mcheduara kwenye bamba”, hutaja kikatio kwanza. Mwanafunzi anayeifuata sentensi hiyo neno kwa neno hupata visahani viwili badala ya bamba lenye tundu. Katika maumbo bapa kuna sharti jingine: AutoCAD haiutoi mstari katika mstari, hivyo duara na mstatili sharti vigeuzwe kwanza kuwa maeneo.

Ugumu halisi, hata hivyo, haumo katika ujazo bali katika mpaka. Kwa nadharia ya seti, gimba ni mkusanyiko wa nukta zilizomo ndani yake pamoja na zile za uso wake. Nukta za uso wa mcheduara ni mali ya mcheduara. Ukiutoa mcheduara wote, nukta hizo nazo huondoka, na bamba hubaki na tundu lisilo na ukuta. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kutengenezwa. Katika miaka ya 1970, Aristides Requicha na Herbert Voelcker wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilipatia tatizo hili msingi wa kihisabati: baada ya kutoa, huchukuliwa sehemu ya ndani ya kilichobaki, kisha hiyo ndiyo hurudishiwa mpaka wake. Kwa kanuni hiyo ukuta wa tundu hurejea, na utando wowote usio na unene hutoweka.

Kanuni ni safi, kompyuta siyo. Kimo cha kikatio kikiwa milimita 20 kamili, nyuso zake mbili hulala juu ya nyuso za bamba. Kwenye karatasi zinalingana. Ndani ya mashine, namba huhifadhiwa kwa tarakimu zenye ukomo, na bamba likiwa limezungushwa kwa nyuzi 30, thamani za nukta zake hukadiriwa. Nyuso zilizopaswa kuwa moja hupishana kwa kiasi kidogo mno, na programu sharti iamue kama ni moja au mbili. Open CASCADE, maktaba inayotumiwa na FreeCAD, huanza na umbali wa 0.0000001 wa kizio: nukta zilizo karibu kuliko hapo huhesabiwa kuwa moja. Uamuzi ukikosewa, hubaki utando juu ya tundu, au tendo lote hukataliwa. Kuilaumu programu hapo si haki sana, kwani imeulizwa swali ambalo namba zake haziwezi kulijibu. Wazoefu hulikwepa swali lenyewe: hukirefusha kikatio kipite nyuso za bamba, hata kwa milimita 1. Tundu halibadiliki.

Lakini zipo hali ambazo urefushaji hauzisaidii. Mchemraba ukigawanywa robo nne zilizosimama, na robo mbili zinazotazamana kwa pembe zikatolewa, zinazobaki hugusana kwenye ukingo mmoja tu wa katikati. Kwa kawaida kila ukingo wa gimba hukutanisha nyuso mbili. Huu hukutanisha nne. Baadhi ya programu hukataa tokeo hilo, nyingine hulipokea bila onyo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa faili la STL linalopelekwa kwenye printa ya pande tatu hubeba pembetatu za uso pekee. Ndani na nje havikuandikwa kama gimba. Hukisiwa kutokana na pembetatu hizo. Ukingo wenye nyuso nne huruhusu makisio zaidi ya moja, na hata yakipatikana yaliyo sahihi, robo hizo mbili zimeshikana kwa mstari usio na unene, ambao hakuna plastiki inayoweza kuujaza.