Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Mbwa wa Nyumba ya Wageni

Msomaji mpenzi, kama umepata kusafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya katika mwezi wa Juni au Julai, waijua baridi yetu. Safari ni ya zaidi ya kilomita 300, kupitia Mafinga na Makambako. Ukishuka Mbeya usiku, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, hutamani kitu ila uji wa moto, mablanketi mawili na mlango wenye komeo. Basi wapiga hodi katika nyumba ndogo ya wageni. Wa kwanza kukuitikia si mwenye nyumba, ni mbwa.

Shangazi yangu anayo nyumba ya namna hiyo, vyumba sita tu, na mbwa watatu. Simba ni mzee, masikio yamechanika kwa vita vya ujana. Popi ni mdogo, mwenye kelele nyingi kupita ukubwa wake. Subira ni jike mpole, alalaye penye majivu ya jiko kila usiku wa baridi. Alfajiri Simba huwasindikiza wageni mpaka kituo cha basi, kisha hurudi peke yake, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Wako wageni waliokwisha kusahau jina la shangazi, lakini la Simba hawalisahau. Wakirudi baada ya mwaka, humwulizia yeye kwanza, ndipo waulize bei ya chumba.

Kumpenda mbwa namna hii si jambo la aibu. Wengi wetu tumezoea kumwona mbwa kuwa kitu cha kupigwa mawe, anayelinda mali yetu usiku na kufukuzwa mchana. Lakini katika kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia alipofunga safari pamoja na malaika, mbwa wake naye alifuatana nao. Na Mtakatifu Roko, tunayemkumbuka tarehe 16 Agosti, huchorwa mara nyingi akiwa na mbwa wake, kwa maana yasimuliwa kwamba mbwa ndiye aliyemletea mkate alipokuwa mgonjwa, ametengwa na watu.

Lakini upendo una madai yake. Jambo hilo nililijifunza kwa aibu, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Jumamosi niliyoipuuza

Mimi ni karani wa parokia. Jumapili moja nilisoma matangazo baada ya Misa, na moja lilikuwa hili: Jumamosi ijayo daktari wa mifugo atachanja mbwa, kila mwenye mbwa amlete. Nililisoma kwa sauti kubwa na kulirudia mara mbili. Shangazi alikuwa ameketi kiti cha tatu. Jioni ile akanipa kamba tatu na kuniambia, "Mwanangu, hiyo kazi ni yako." Jumamosi ilipofika kulinyesha, nami nilikuwa na vitabu vya zaka vya kumaliza. Nikasema moyoni kwamba chanjo itarudi tena. Wengine niliowatangazia walikwenda. Mimi niliyetangaza sikwenda.

Haukupita mwezi, akafika mama mmoja na mwanawe wa miaka saba, wametoka Iringa. Mtoto alimpenda Simba tangu dakika ya kwanza. Asubuhi, mbwa alipokuwa akila ukoko wa ugali katika bakuli lake, mtoto akanyosha mkono amkumbatie. Simba akamng'ata kiganjani. Halikuwa jeraha kubwa, lakini damu ilitoka. Yule mama hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Mbwa huyu amechanjwa?"

Shangazi akanigeukia. Sikuwa na la kujibu.

Ndugu msomaji, shika sana yafuatayo, maana siku moja yaweza kuokoa roho ya mtu nyumbani kwako. Tuliosha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Hatukupaka mafuta ya taa wala majani wala tumbako. Kisha tulikwenda hospitali siku ile ile, mtoto akaanza kuchomwa sindano za chanjo, naye alirudi kwa tarehe alizoandikiwa mpaka akazimaliza zote. Gharama yote aliibeba shangazi.

Majirani walitaka Simba auawe mara moja. Daktari wa mifugo alikataa. Alisema afungwe mahali pa salama na kuangaliwa siku 10, kwa kuwa mbwa mwenye ugonjwa katika mate yake siku anapouma, kwa kawaida huonyesha dalili au hufa kabla siku hizo hazijaisha. Walakini matibabu ya mtu hayangoji siku hizo. Huanza mara moja.

Kwa siku 10 nilimpelekea Simba maji kila asubuhi, nikasimama mbali nimwone kama anakunywa. Naye alinitazama na kutikisa mkia, asijue ana kosa gani. Kwa kweli kosa halikuwa lake. Siku ya kumi alikuwa mzima, na mtoto naye ni mzima hata leo. Nilimshukuru Mungu, lakini sikuweza kujisifu. Tulipona kwa rehema, si kwa bidii yetu.

Ugonjwa usiocheleweshwa

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Wataalamu wanakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba karibu mia kwa mia wameambukizwa na mbwa. Watoto ni wengi miongoni mwao, kwa sababu watoto ndio wanaocheza na mbwa. Dalili aghalabu huchelewa miezi miwili au mitatu, kwa hiyo mtu huona kidonda kimepona, akadhani yamekwisha.

Lakini ugonjwa huu wazuilika. Mwaka 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimpatia chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Na njia iliyo nafuu kuliko zote ni kumchanja mbwa mwenyewe. Mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wanachanjwa kila mara, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tunao mfano hapa hapa kwetu. Kisiwani Pemba ugonjwa uliingia tena mwaka 2016, mbwa wakachanjwa kwa bidii, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 ulikuwa umetoweka tena.

Faida haiishii kwa watu. Ukipata kufika Iringa, utawaona wageni wakipita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ni kimbilio mojawapo kubwa la mbwa mwitu, wanyama waliobaki wachache sana katika Afrika. Kichaa cha mbwa na ugonjwa mwingine wa mbwa wa nyumbani, uitwao distempa, huwaua hao pia. Mwaka 1994 distempa iliua simba wapatao 1,000 huko Serengeti, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa huko. Basi mbwa wako anayezurura porini bila chanjo aweza kuwadhuru hata simba.

Desturi za nyumba ya shangazi

Tangu siku ile, nyumba ya shangazi ina desturi zake, nami nakupa wewe unayepokea wageni, hata kama mgeni wako ni mkwe tu aliyekuja kwa arusi.

Kwanza, cheti cha chanjo cha kila mbwa kimetundikwa ukutani, karibu na daftari la wageni. Watoto wa mbwa nao huchanjwa, wasiachwe nyumbani ati ni wadogo.

Pili, mbwa hula nyuma ya nyumba, mlango umefungwa. Mtoto yeyote akifika huambiwa asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Tatu, mgeni huulizwa kama anapenda mbwa. Wako wanaoogopa, na wako ndugu zetu Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Kwa ajili yao mbwa hawaingii vyumbani, wala ukumbini, wala jikoni wakati wa kupika. Subira ameondoka penye majivu, lakini amepewa kibanda chenye gunia na nyasi kavu, maana baridi ya Mbeya haina huruma.

Nne, mbwa hapigwi wala hanyimwi chakula ili awe mkali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo, na akili yenyewe inakataza. Umleavyo ndivyo akuavyo.

Msomaji mpenzi, babu zetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Itakuwaje basi mgeni akija akaumia? Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi mbwa huchanjwa bure wakati huo. Uliza kwa afisa mifugo wa kata yako. Ukisikia tangazo kanisani, usiseme litarudi. Tafuta kamba jioni ile ile.

Simba amezeeka sasa, na kituo cha basi kimekuwa mbali kwake. Huwasindikiza wageni mpaka langoni tu, akaketi, akawatazama mpaka wapotee. Jumamosi ya chanjo tunakwenda sote wanne, na kamba nazishika mimi.