Kutunga dunia ya mchezo: tuanzie kwa Lualaba

Bandugu, Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974. Mtu moja anaeleza dunia, wenzake wanaingia ndani kama watu wa hadithi, na dadu inaamua kama mkuki umepata ao umekosa. Karatasi, kalamu na dadu, basi. Hata mwanafunzi wa Bukama anaweza. Shida ni dunia yenyewe: tukianza kutunga, tunachora ngome ya mawe na teluji. Teluji, na joto hii yetu!

Mimi naona dunia haianzi na ramani. Inaanza na desturi moja yenye watu wanaweza kupigania. Angalia hadithi ya Baluba. Nkongolo anakula mbele ya watu wote, anacheka kinywa wazi. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, anakula kwa kujificha, na akicheka anafunika kinywa. Ni mambo ya chakula tu, lakini ndani yake mna swali la nani anastahili kutawala. Kisha Nkongolo anamwita mpwa wake Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi, aje kucheza ngoma juu ya mkeka. Chini ya mkeka kuna shimo lenye mikuki. Mpiga ngoma anamwonya kwa mlio. Kijana anakimbia, anavuka Lualaba. Hapo uko na mchezo wa usiku mzima: wachezaji watasikia onyo? Mwenye mtumbwi atakubali kuvusha nani?

Na usiandike kurasa mia. Wazee wa Mbudye walishika historia ya ufalme kwa lukasa, kaubao kanaenea mkononi, kenye shanga. Shanga kubwa yenye kuzungukwa na ndogo ni mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ni njia. Msomaji alieleza kufuatana na wenye kumsikiliza. Wewe pia weka alama kumi tu, mengine yatatoka kwa maswali ya wachezaji.

Lakini majina ya mababu tuyaache, familia zao ziko. Tuchukue namna mambo yanavyofungana. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, mizigo ikashuka kwenye gari na kupanda mashua. Tunga basi mji kama huo, wenye mto unaokataa kubeba mtu mwenye deni. Mchezaji wa kwanza anafika bandarini na mzigo wa dawa, na iko na deni. Nani atamlipia?